Siku Niliyovua Kizibao cha Mazoezi Tunduma

Jamani, aibu yangu naitanguliza mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wenzangu wanaoitia chumvi: mimi, mtu ninayelipwa kuwafundisha polisi namna ya kumwokoa mtuhumiwa mikononi mwa watu wenye hasira, nimewahi kukimbizwa na soko la Tunduma, mchana kweupe, kwa kosa la kuiba mkoba wa mama mmoja, na mkoba wenyewe (msicheke bado) niliuiba kweli. Mpaka leo nikienda nyumbani Igamba kuangalia kahawa, shemeji zangu hawanipokei kama wanavyopokea watu wengine. Wananiambia, "Karibu Mwalimu, na mikoba yetu tuiweke wapi?" Nami nacheka nao, nifanyeje, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Lakini kabla hamjanicheka vizuri mnijue kwanza, maana mimi kwenye kazi hii si mtu wa kuokotwa. Askari sijawahi kuwa. Nilisomea ustawi wa jamii, nikaingia kwenye mradi mmoja wa kulisaidia jeshi la polisi kuboresha kazi zake, nikahamia mwingine, na mwingine, na huko ndiko mvi zilikonitokea. Tunasaidia vituo vipate chumba cha faragha cha kumsikilizia mama aliyepigwa, tunakaa na askari kuzungumza namna ya kumkamata mtu bila kumvunja mkono, tunakaa na wafanyabiashara na bodaboda wajue haki zao na mipaka yao. Na naiweza, sijisifu bure. Askari huingia darasani kwangu wamenuna (nani anapenda kufundishwa kazi yake na raia mwenye kitambi?), lakini ikifika saa ya chai wameshaanza kunizunguka na maswali, na jioni wananiita waniulize kuhusu ndoa zao.

Tunduma tulikwenda kwa sababu. Kulikuwa na fundi viatu mmoja, kwenye mnada fulani wa huku kwetu, aliitwa mwizi wa simu akapigwa mpaka akafa, na simu ikaja kupatikana ndani ya kapu la mama yule yule aliyepiga kelele, chini ya nyanya. Mimi nilikwenda kwenye ule msiba. Nilimkuta mkewe amekaa na kisanduku cha kazi cha mumewe mapajani, na tangu siku hiyo nikasema hili somo la kumwokoa mtuhumiwa nitalifundisha mwenyewe, simwachii mtu.

Basi tukakaa na askari wa pale wiki nzima. Kwa ambaye hajafika Tunduma, niseme tu kwamba geti la malori lipo na foleni yake mnaisikia kwenye redio, ila upande wa sokoni mpaka wa Tanzania na Zambia ni mtaro na vigingi vya zege, huku wanauza vitenge, kule Nakonde wanauza kapenta, dagaa wa Zambia, mtu anavuka kununua sukari na kurudi chai haijapoa. Kwa hiyo swali la mpaka lilikuwa lazima litokee, na lilitoka kwa Koplo Rehema, binti wa Tanga, mrefu, sauti kama ya mwadhini, mwanafunzi wangu bora kuliko wote ingawa alikuwa hacheki na vichekesho vyangu.

"Mwalimu," akauliza, "mtuhumiwa akivuka upande wa pili nami nipo nyuma yake, nafanya nini?"

"Unasimama."

"Hata kama wanampiga mbele ya macho yangu?"

"Unasimama, afande. Ukivuka na sare umeshaleta kesi ya nchi mbili." Halafu nikainua kidole (mimi nikiinua kidole jueni kuna neno tamu linakuja). "Akili ivuke, buti libaki!"

Darasa zima likapiga makofi. Nikaipenda ile kauli mpaka nikairudia kabla ya chakula cha mchana na baada ya chakula cha mchana. Koplo Rehema peke yake hakupiga makofi, alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayemeza kidonge.

Siku ya mwisho ilikuwa ya zoezi la hadharani, sokoni, mbele ya mkuu wa kituo na wageni wetu wa mradi, wale ambao neno lao ndilo lingeamua kama tunaendelea mpaka Mlowo na Mbangala au tunafungasha. Mpango ulikuwa mwepesi. Mimi nakuwa mwizi. Mama Zaituni, mwenyekiti wa kina mama wa vitenge, mtu wa Kigoma mwenye kiduka kona ya soko, anakaa nje ya duka lake na mkoba wa kijani. Naupora, nakimbia hatua chache, yeye anapiga kelele "Mkoba wangu!" (neno "mwizi" tulilipiga marufuku kabisa, maana pale likitamkwa tu hata kipofu anaokota jiwe), vijana wachache tuliowaandaa wananizunguka, Koplo Rehema na mwenzake wanakuja, wananikinga, wananipeleka kituoni nikiwa mzima. Dereva wetu Baraka alipewa kipaza sauti azunguke akiwatangazia watu kwamba haya ni mazoezi. Na mimi nilipewa kizibao cha njano kinachong'aa, kimeandikwa MAZOEZI kifuani na mgongoni, herufi ambazo hata lori likitoka kilimani lingezisoma.

Sasa hapo kwenye kizibao ndipo shetani aliponipitia. Kilikuwa kidogo. Nilipokifunga kikanibana hapa katikati, tumbo likajitokeza chini yake kama mtu aliyeficha tikiti maji, na nikawaona wale wageni wanaandaa simu zao za kupigia picha. Nikajiwazia, picha hizi zitakwenda ofisi za mbali, zitatundikwa ukutani, na mimi nitabaki ukutani na tikiti langu. Nikakivua, nikakikunja, nikakiweka juu ya gari. Halafu, kwa kuwa nilishaanza kujiona mwigizaji, nikavua na miwani, maana mwizi gani wa kupora mkoba anavaa miwani?

Koplo Rehema aliniona. Akaja mpaka karibu, akasema kwa heshima zote, "Mwalimu, kizibao."

"Afande, niachie. Hii kazi naijua."

"Mwalimu, ndiyo maana nakukumbusha."

"Rehema mwanangu," nikamwambia, na kiganja nikamwekea begani kama baba mzazi, "watu wote hapa wananifahamu."

Kweli walinifahamu, ila wa upande ule wa soko tulipokuwa tumesimama. Upande wa kona, kwa Mama Zaituni, nilikuwa nimepita mara moja tu, na siku ile nilikuwa nimevaa koti. Hilo sikuliwaza. Nikazunguka nyuma ya mabanda ya viazi nikatokea kule konani, na bila miwani dunia yote ikawa kama imepakwa mafuta ya nazi, rangi zipo lakini mipaka ya vitu haipo. Nikaona vitenge vinaning'inia, nikaona mama mnene amesimama mbele yavyo, nikaona kitu cha kijani begani. Nikasema ndiye. Nikajongea, nikachomoa, nikatoka mbio.

Mama akapiga kelele moja ambayo mabati yaliisikia: "Kabolala! Kabolala! Mwiziii!"

Na mimi mjinga nikiwa nakimbia nikafurahi! Nikajisemea, kumbe Mama Zaituni anaigiza hivi, hata Kizambia ameweka, lazima nimwombee cheti maalumu. Ndugu zangu, nilikuwa nakimbia huku natabasamu. Mtu aliyeniona siku ile aliona mwizi mzee, mwenye kitambi, amekumbatia mkoba wa mwanamke, anacheka.

Kilichonitoa kwenye furaha ni kiazi. Kiazi mviringo kizima, cha Umalila au cha wapi sijui, kilinipata nyuma ya sikio, na kwenye mpango wetu viazi havikuwamo. Nikageuka kuangalia nani kachangamka kupita kiasi, nikaona (hata bila miwani niliona) soko limenyanyuka. Wauza viazi, wauza mitumba, wabadilisha fedha, wasukuma mikokoteni, wote wanakuja kwangu, na hakuna hata mmoja niliyemwandaa.

"Ni mazoezi!" nikapiga kelele.

"Mazoezi kafanyie jela!" kijana mmoja akajibu.

"Mimi ni mwalimu wa polisi!"

"Oya, anasema ni mwalimu wa polisi huyu! Na mimi ni askofu!"

Nikaona kusimama ni kifo, nikaongeza mwendo. Mtu mwenye umri wangu hajui ana mbio kiasi gani mpaka apigiwe kelele za mwizi. Nilipita kwenye uchochoro wa mabeseni, nikaacha moka yangu ya kushoto ndani ya ndoo ya dagaa wa mtu, nikapita mbele ya gari letu la mradi, na hapo nikamwona Baraka dereva, amesimama kwa utulivu na kipaza sauti chake, anatangaza: "Ndugu wananchi, zoezi letu litaanza hivi punde, msiwe na hofu." Nikampungia mikono yote miwili, na mkoba ukiwa katika mmojawapo. Akanipungia na yeye.

Mbele kulikuwa na mtaro. Kwa akili ya kawaida nisingeuruka, lakini siku ile niliuruka nikiwa na kiatu kimoja, nikaangukia upande wa pili kwa magoti, na nilipoinua kichwa nikaona kibao cha duka kimeandikwa bei kwa kwacha. Nikajua nipo Zambia. Bila pasi, bila miwani, na mkoba wa watu.

Kundi halikujali kwacha wala shilingi. Waliruka mtaro kama mbuzi, na upande ule nako kina mama wa kapenta walishasikia "kabolala" wakasimama na mifagio yao. Nikapanda juu ya mkokoteni uliojaa magunia, nikabaki pale juu nimekumbatia mkoba, na wao wakanizunguka. Mmoja akanivuta shati likatoa vifungo vyote. Mwingine akanipiga kofi ambalo nikitafuna hindi la kuchoma upande ule mpaka leo nalikumbuka. Nikajaribu kuongea, niliyeongea mbele ya makamanda na mabalozi, sauti ikawa haitoki, na iliyotoka hakuna aliyeitaka. Kila nililosema ndilo lile lile ambalo mwizi angelisema.

Halafu nyuma kabisa, mtu ambaye wala sikumwona sura, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza chumvi mezani: "Nani ana kiberiti?"

Hapo sitanii. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilimkumbuka mke wangu, aliyeniambia asubuhi kwa simu nirudi na mchele wa Kamsamba, nikamkumbuka yule fundi viatu, na nikaelewa jambo ambalo nilikuwa nalifundisha miaka yote bila kulijua: kwamba na yeye alisema. Alisema kila kitu, alieleza, aliapa, na hakuna aliyesikia.

Ndipo nikasikia filimbi.

Koplo Rehema alikuja kwa mbio kutoka upande wetu, na konstebo wake mmoja, Meshaki, nyuma yake. Watu wakaanza kugeuka. Nikasema Mungu wa Igamba ni mkubwa, nimepona. Akaja, akaja, akafika kwenye kigingi cha zege, akasimama. Akasimama! Ncha za buti zimegusa kigingi, hata kidole hakijazidi. Kati yangu na yeye ni watu na mtaro tu, angeweza kunirushia chungwa nikalidaka.

"Rehema!" nikapiga kelele. "Vuka!"

Akaniangalia usoni. Najua alinitambua, maana nyusi zake zilipanda kidogo.

"Mtuhumiwa," akasema, na ile sauti yake ya mwadhini ikafika mpaka getini kwa malori, "mimi siwezi kuvuka. Tulia hapo ulipo. Utarudi huku na utasikilizwa kituoni."

Mtuhumiwa! Hakuniita Mwalimu, hakuniita mzee, hakusema jamani muacheni huyo ni mtu wetu. Na ile kauli yangu ya buti na akili ikanijia kichwani, na makofi yake yote, nikatamani kuitapika.

Akageukia watu. Mimi nilitegemea awatishe, au aombe. Hakufanya hata kimoja. Alisema kwa uchangamfu, kama mtu anayegawa pipi, "Ndugu zangu, asanteni sana! Kazi nzuri! Sasa nahitaji mashahidi. Kila aliyemwona huyu akipora namwomba aje hapa, atoe jina na namba yake ya simu, twende naye kituoni akaandike maelezo. Kesi ikifika mahakamani tutaitana, ikiahirishwa tutaitana tena, mpaka iishe. Wewe kaka mwenye fimbo, naona uliona vizuri sana. Jina lako nani?"

Yule mwenye fimbo akatazama fimbo yake kama vile kaikuta mkononi kwa bahati mbaya. "Mimi? Mimi afande nilikuwa napita tu."

"Na wewe uliyeshika shati lake?"

"Aah, mimi nimekuja nimekuta tayari."

"Meshaki, muulize huyo wa mfagio. Dada, usiondoke, wewe ni shahidi muhimu!"

Ndugu zangu, nimehudhuria mikutano mingi katika maisha yangu nikilalamika kwamba wananchi wetu hawataki kutoa ushahidi. Mtu ameona kila kitu, ukimwuliza jina anakwambia alikuwa amegeukia kwingine. Nimeliita tatizo, nimeliita kikwazo, nimeliandalia semina. Na siku ile, nikiwa juu ya magunia ya kapenta, nililiona tatizo hilo likiniokoa roho. Waliyeyuka. Mmoja alikumbuka ameacha duka wazi, mwingine simu iliita (haikuita), kina mama wa mifagio wakaanza kufagia palepale kana kwamba ndicho walichotoka kufanya, na yule mwenye sauti ya kiberiti sikumwona tena wala sitaki kumwona.

Nikashuka mkokotenini. Nikatembea mwenyewe mpaka mtaroni, nikavuka, na mguu wangu ulipogusa Tanzania Koplo Rehema akanishika mkono juu ya kiwiko, vile vile nilivyomfundisha, kwa nguvu bila kuumiza, akasema, "Uko chini ya ulinzi."

"Rehema, ni mimi," nikamnong'oneza.

"Najua. Tembea."

Tukapita soko zima hivyo. Mimi kiatu kimoja, kifua wazi, tumbo lile lililonivulisha kizibao sasa limetangulia mbele kila mtu analiona, Meshaki anabeba mkoba wa kijani kama kielelezo, na watoto wanaimba nyuma. Wageni wetu walikuwa wamesimama wanapiga picha na makofi kwa pamoja, mmoja wao ana machozi machoni. Mgeni huyo akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Mwalimu, uliwezaje kuwapanga watu wote hawa?"

Hapo ningeweza kusema uongo na ungepita. Nilishafungua mdomo. Lakini nikamwona Mama Zaituni amesimama mlangoni kwake, na mkoba wake wa kijani bado uko begani, ananiangalia kwa huruma.

"Sikuwapanga," nikasema. "Nimeiba kweli, kwa bahati mbaya. Nikitoka kituoni nitaeleza."

Kituoni nikakalishwa kwenye benchi, nikavuliwa mkanda, na kile kiatu kimoja nacho kikawekwa kaunta. Juu ya kichwa changu kulikuwa na lile bango letu la haki za mtuhumiwa, la mradi, na picha yangu mwenyewe pembeni nikitabasamu na kidole juu. Koplo Rehema akanisomea haki zangu kutoka kwenye bango hilo, moja moja, bila kuruka, na kila akimaliza moja ananiuliza kama nimeelewa. Mkuu wa kituo alikuwa ameingia ofisini kwake akafunga mlango, na kupitia ule mlango tulimsikia akicheka mpaka akakohoa.

Na mashahidi? Wa soko zima alikuja mmoja tu, mwenye mkoba. Mama Chanda wa Nakonde, mfanyabiashara aliyekuwa amekuja kununua vitenge na kusimama (sasa naelewa) mbele ya Mama Zaituni aliyekuwa ameinama kutafuta chenji. Akaingia anahema, akaniona, akalitazama bango, akanitazama tena mimi.

"Awe!" akasema, yaani hapana. "Afande, huyu mliyemkamata ndiye huyo wa ukutani?"

"Ndiye, mama."

"Sasa huyu anafundisha nini?"

Koplo Rehema akameza kicheko, mara ya kwanza namwona. Nikasimama, nikamwamkia Mama Chanda kwa heshima zote ingawa huenda mimi ndiye mkubwa, nikamweleza tangu kizibao mpaka miwani. Alisikiliza mpaka mwisho (nawaambieni, kusikilizwa mpaka mwisho ni kitu kitamu, sikuijua thamani yake). Akaukagua mkoba wake, kila kitu kimo, na picha ya mjukuu wake imo, akaubusu.

"Kesi siitaki," akasema. "Lakini mimi nimepiga kelele mbele za watu. Kesho watu watasema Mama Chanda alitaka kumwua mtu wa bure. Utakwenda uwaambie wewe mwenyewe kwamba kosa lilikuwa lako. Kwa kile kipaza sauti."

"Nitakwenda, mama."

"Na hicho kizibao ukivae."

Nikakivaa. Nikasimama mbele ya duka la Mama Zaituni, kifua cha shati hakina kifungo, kizibao kimebana, Baraka amenishikia kipaza sauti, nikawaambia watu wa Tunduma na wa Nakonde waliojazana pande zote mbili za mtaro kwamba mimi ndiye niliyeupora mkoba wa huyu mama, nilidhani ni wa mwenzake, nilikataa kuvaa alama na nilikataa kukumbushwa. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Zaituni akapokea kipaza sauti na kuongeza lake: "Mimi nimekaa hapa na mkoba wangu tangu asubuhi nimejipamba nisubiri kuibiwa, Mwalimu akanipita! Hata mwizi wangu nimeporwa!" Ila nikaona pia watu ambao hawakucheka. Yule wa fimbo alikuwepo. Alikuwa anaangalia chini, anasugua mkono wake wa kulia kwenye suruali.

Jioni, wageni wakiwa wamekwenda kupumzika (na mradi uliendelea, mjue hilo, Mlowo tulifika na Mbangala tulifika, sasa mimi nifanye kazi mbovu?), nilimkuta Koplo Rehema nje ya kituo anakunywa soda. Nikakaa. Nilikuwa na kinyongo kidogo, siwafichi, shavu lilikuwa bado linauma.

"Rehema," nikamwambia, "pale mpakani ulinitambua. Ungesema neno moja tu, jamani huyu ni Mwalimu, wangeniachia mara moja. Kwa nini uliniita mtuhumiwa?"

Akaishusha chupa.

"Mwalimu, ningewaambia ni wewe, wangejifunza kumwachia Mwalimu. Mimi nilitaka wajifunze kumwachia mwizi."

Nilimfikiria yule mama na kisanduku cha mumewe mapajani. Yule fundi hakuwa na mtu wa kumwita Mwalimu.

Mganga hajigangi, wazee walisema, lakini anaweza kugangwa na mwanafunzi wake. Somo lile sasa analifundisha Koplo Rehema tukienda wilayani, mimi nakaa nyuma nashughulikia chai na maswali ya ndoa, na ile kauli ya buti na akili huwa anaitumia bila kutaja ni ya nani. Nami nimeapa, mbele yenu na mbele ya shemeji zangu wote wa Igamba: miwani haitoki usoni, na kizibao nikipewa nakivaa hata kiwe cha mtoto wa chekechea. Juzi Mlowo tulipiga picha ya pamoja, wakaniambia Mwalimu simama nyuma kidogo ufiche tumbo. Nikasimama mbele.